Okidi Si Mchicha: Tunamkumbuka Msoma Mita

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Vuta kiti, punguza moto jikoni, na kama una mtoto anayepiga kelele, mpe kitu ashike. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mnaijua sauti yake, ingawa hamjawahi kumtia machoni.

Tunamkumbuka msoma mita mstaafu. Ndiyo, yule yule. Alifariki wiki iliyopita hospitalini, kwa ugonjwa wa mapafu. Ameacha binti mmoja, ameacha shemeji yake, na ameacha okidi moja. Nitarudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: msoma mita mstaafu, aliyekuwa akitupigia simu kwenye kipindi cha bustani, hatunaye tena.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Kila tulipofungua laini za simu, yeye alikuwa hewani kabla kiti cha mtangazaji hakijapata joto. Hakupoteza muda kwa salamu. Alisema, "Mimi msoma mita mstaafu. Naomba kuwakumbusha ndugu zangu kwamba okidi si mchicha." Kisha akaeleza kwa sauti yake kavu kwamba okidi haipandwi kwenye udongo, kwamba haimwagiwi kila siku, kwamba ukiipenda sana utaiua. Akimaliza hivyo alikata simu mwenyewe. Wapo wasikilizaji waliotuandikia kuuliza kama mzee huyu hana jambo lingine la kusema.

Alikuwa nalo, ila hakulisema. Juzi binti yake alikuja hapa studio, akakaa kwenye kiti cha wageni, akanieleza. Ni mfamasia, mwanamke wa maneno machache kama baba yake. Ameniruhusu niwaeleze nanyi, kwa sharti moja, kwamba nisiongeze chumvi. Nitajitahidi.

Tuanze na kazi. Kwa miaka mingi marehemu alizunguka mitaa akifunua vifuniko vya mita za maji. Alikuwa na fimbo fupi kwa ajili ya mbwa, na kitambaa mfukoni cha kupangusia kioo cha mita. Akifika mlangoni alisema, "Mita." Akimaliza alisema, "Asante." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya mchana kutwa. Mwenzake mmoja wa kazini ameniambia kwamba siku moja alisema sentensi nzima kuhusu mvua, na mkuu wa ofisi akamuuliza kama ana homa.

Nyumbani hakuwa tofauti. Mke wake alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda, mwanamke mcheshi, na maneno yote ya nyumba ile aliyabeba yeye. Binti alipoolewa akahamia upande wa pili wa mji, alipiga simu mara kwa mara. Baba akiipokea, alisema, "Hujambo, mama. Haya, mama yako huyu hapa." Basi. Akitaka kujua kama binti amepona mafua, alimuuliza mkewe. Binti akitaka kujua kama baba amemeza vidonge vya presha, alimuuliza mama. Naomba mlishike hilo, wasikilizaji wapendwa: baba na binti hawa hawakuwa wamegombana. Walipendana. Ila hawakuwahi kuzungumza bila mtu wa katikati.

Na mtu wa katikati ndiye aliyetangulia kufa.

Mama yule alifuga okidi. Alikuwa na vyungu sita: vitano kwenye kibaraza cha nyuma, kimoja kwenye dirisha la bafu. Humo ndani hamkuwa na udongo hata chembe. Kulikuwa na magome ya mti aliyookota kwenye kiwanda cha mbao, vipande vya mkaa kutoka jiko la kantini, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, na chini kabisa vigae vya vyungu vilivyovunjika. Mumewe alimtania kwamba amepanda maua jalalani. Mke alicheka tu. Mume hakuuliza, na mke hakueleza, na ndivyo ndoa nyingi zinavyokwenda mpaka uzeeni.

Baada ya mazishi, nyumba ikawa kimya. Mzee alikaa kibarazani akitazama vile vyungu, na siku moja kikamwingia akilini kitu kilichomuuma. Aliwaza hivi: mke wangu amepanda maua yake kwenye takataka miaka yote hii kwa sababu mimi sikuwahi kumletea udongo. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, ndiye aliyeambiwa hayo baadaye. Amenieleza kwamba mzee aliyasema huku ametazama chini, kama mtu anayekiri deni.

Kwa hiyo akaenda kununua udongo. Si udongo wa kuokota. Alinunua udongo mweusi, mzuri, uliochanganywa na mbolea, akaubeba begani viroba viwili. Alasiri hiyo hiyo alizitoa okidi zote sita kwenye vyungu vyao. Yale magome na mkaa akayamwaga pipani. Akazipanda upya, akazishindilia udongo kwa viganja mpaka zikasimama wima, akazimwagia kopo moja zima kila moja. Na kuanzia siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kutoka, kopo moja zima kila moja. Hakuruka hata siku moja. Kama kuna mume aliyewahi kuomba radhi kwa bidii, ni huyu.

Sasa kwa wale ambao hamfugi okidi, nieleze kidogo, maana bila hili hamtaona ukubwa wa jambo. Okidi nyingi tunazoziweka nyumbani, kwao porini hukaa juu ya miti. Mizizi yake hushika gome, hunyeshewa, kisha hupigwa na upepo ikakauka. Inahitaji hewa kama inavyohitaji maji. Ukiifunika kwa udongo unaoshika maji, inakosa pumzi na kuoza. Na mmea ukioza mizizi, majani yananyauka kama yenye kiu. Mfugaji akiona hivyo, anaongeza maji.

Naye aliongeza. Jioni pia.

Binti alikuja kumtembelea baada ya wiki kadhaa. Alikuta majani ya njano yaliyolegea kama kitambaa kilicholowa. Akaingiza kidole kwenye chungu cha kwanza, akanusa. Akakipindua. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini kama tambi zilizochemka kupita kiasi, ikamwachia ganda mkononi. Akapindua cha pili. Akapindua vyote vya kibarazani. Baba alikuwa amesimama mlangoni na kopo lake.

Binti anasema alimwambia neno moja tu ambalo mpaka leo angependa kulirudisha. Alimwambia, "Baba, umezizika."

Mzee akaliweka kopo chini.

Ile ya sita, ya dirisha la bafu, ilikuwa na mizizi michache iliyobaki mizima. Binti aliiosha chini ya bomba, akachoma mkasi kwenye moto ili usiwe na uchafu, akakata kila kilichooza. Akaitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na chungu cha mama, akaondoka nayo. Tano zimekufa, moja imesalia, na hiyo moja imekwenda na binti. Baba alibaki na kibaraza kitupu na simu ambayo hakujua afanyeje nayo. Binti naye hakupiga. Angepiga aombe kuongea na nani?

Hapo ndipo familia nyingi huishia, wasikilizaji wapendwa. Hakuna aliyemfukuza mwenzake. Kila mmoja yuko kwake, anasubiri, na wakati unakwenda.

Aliyewaokoa ni mama mdogo, huyu shemeji wa marehemu. Ni mwanamke anayesema ovyo kwa faida ya watu. Nilimtembelea kwake, akanikaribisha, akaniambia, "Nilimkuta shemeji amekaa kama mzigo ulioachwa stendi. Nikamwambia nenda kwa mwanao. Akaniuliza, nikaseme nini? Nikamwambia, shemeji, huna la kusema, basi kaulizie hali ya ua."

Jumamosi hiyo mzee alivaa shati lililopigwa pasi, akavuka mji, akabisha. Binti alipofungua, baba alisema, "Nimekuja kuangalia ua." Ni vigumu kumfungia mlango mzee aliyekuja kuangalia ua. Akaingia. Akakiinua chungu kutoka dirishani, akakishika kwa mikono miwili, akakirudisha. Binti akamwambia, "Usiimwagie." Akasema hataimwagia. Akanywa chai, akashukuru, akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata akaja tena. Na iliyofuata.

Lakini ua lenyewe halikuwa salama. Binti alikuwa ameapa kwamba hatarudia kosa la baba yake. Kwa hiyo aliinyima okidi maji. Alikuwa akiipimia kwa ile sirinji ya kunyweshea watoto dawa, kidogo asubuhi, kidogo baada ya siku kadhaa, kwenye magome makubwa makavu, kwenye dirisha linalopigwa na jua la mchana. Majani yakaingia mikunjo. Yeye akaona mikunjo, akakumbuka mizizi iliyooza, akazidi kupunguza. Baba aliziua tano kwa maji, na binti akaiua ya sita kwa kiu. Ilikufa katikati ya wiki. Ilikuwa ya mwisho ya mama yake, na kosa safari hii halikuwa la mtu mwingine.

Nilimuuliza alijisikiaje. Alisema alilia, kisha akatazama kalenda. Jumamosi ilikuwa inakuja. Na baba akija akakuta hakuna ua, atakuja kuangalia nini tena?

Basi akafanya hivi. Aliuchukua ule mmea mkavu, akaenda nao kwa muuza miche mmoja, mwanamke mwenye mabuti ya mpira na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. Akamwomba amtafutie unaofanana nao. Muuza miche akaugeuzageuza, akaona sirinji ndani ya mkoba, akaelewa. Alimwambia, "Mwanangu, umeinywesha kama dawa ya kikohozi. Okidi haionjeshwi maji. Inywe ishibe, halafu uiache."

Akampa somo pale pale, amesimama kwenye matope. Nalieleza kama lilivyosemwa, maana ndilo lile lile marehemu alilokuwa akitupigia simu kulisema. Magome yawe vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, yalowekwe kwanza usiku kucha, maana gome kavu hukataa maji. Mkaa kidogo, kwa sababu mkaa hauozi na huacha nafasi ya hewa. Makumbi ya nazi hutunza unyevu, kwa hiyo kama nyumba yako ni kavu ongeza, na kama ina unyevunyevu punguza. Chungu kiwe na matundu. Cha udongo hukauka haraka kuliko cha plastiki. Na kila magome yanapolainika yakawa kama unga, badilisha, maana hapo yameshageuka udongo.

Kuhusu maji, alisema usiulize kalenda. Tazama mizizi. Ikiwa ya kijani, imeshiba. Ikigeuka rangi ya majivu, ina kiu. Au inua chungu: kikiwa chepesi, mwagia, kikiwa kizito, ondoka. Mwagia asubuhi, maji yapite yatoke chini, usiache yakatuama kwenye sahani wala katikati ya majani. Kisha nenda ukafanye kazi zako.

Binti akanunua okidi iliyofanana na ile ya mama kama pacha. Muuza miche alimwonya jambo moja. Majani yanafanana, lakini ua hatujui. Rangi utaiona ikichanua.

Binti akaipanda kwenye chungu cha mama. Jumamosi, baba akaja. Akainua chungu, akakishika, akakirudisha. Akauliza, "Inaendelea?" Binti akasema, "Inaendelea." Chai ikamiminwa.

Na sasa kwa kuwa binti alikuwa amejifunza kitu, alikuwa na cha kusema. Alimweleza baba habari za magome. Baba akauliza kwa nini mkaa. Akaeleza. Juma lililofuata baba akauliza, je, maji ya mvua ni bora kuliko ya bomba? Alikuwa ametumikia maji ya bomba maisha yake yote, na swali hilo lilimtoka kwa shida. Binti akasema ni bora. Baba akasema hilo lisifike ofisini. Binti anasema ndiyo mara ya kwanza baba yake kumtania.

Kutoka kwenye mizizi wakafika kwenye mgongo wa binti unaomuuma kwa kusimama dukani. Kutoka kwenye mgongo wakafika kwenye vidonge vya presha. Siku moja, wakizungumza juu ya makumbi, baba alisema kwamba mama alikuwa akiyachambua huku anaimba, na akaeleza jinsi alivyoimba vibaya. Walikaa wakamsema mama hadi jua likazama. Na Jumamosi nyingine mzee akaanza kutupigia simu hapa redioni, kuwakumbusha ndugu zake kwamba okidi si mchicha. Sisi tulidhani ni mapenzi ya bustani.

Yote hayo yalisimama juu ya uongo mmoja, na binti alijua. Miaka ilipita namna hiyo. Kisha mmea ukatoa kikonyo cha maua.

Mara ya kwanza alidhani ni mzizi mwingine. Kikarefuka, kikainama kuelekea kwenye mwanga, kikafanya matumba. Baba alifurahi mno. Alianza kuja Jumatano pia. Alisema ya mama yako ilikuwa nyeupe, ndogo, yenye harufu jioni. Alisema ninataka kuliona tumba likifunguka. Binti akasema ndiyo, baba. Usiku alisimama mbele ya dirisha na mkasi. Angekikata kikonyo na kusema kimevunjika kwa upepo. Aliniambia kwamba aliufungua mkasi, akaupitisha kwenye kikonyo, na akabaki hivyo. Kisha akaurudisha kwenye droo. Alishachoka kudanganya.

Tumba la kwanza lilifunguka Ijumaa. Lilikuwa la zambarau iliyokolea, kubwa kama kiganja cha mtoto, halina harufu yoyote.

Jumamosi baba akaja. Binti akamwachia njia. Mzee akasimama mbele ya lile ua la zambarau. Akainua chungu, akakishika, akakirudisha. Akakaa. Akaomba chai. Alikunywa nusu ya kikombe, na binti anasema hajawahi kuona kikombe kirefu namna ile.

Halafu baba akasema, "Hii mpya inapenda dirisha hili."

Binti akamuuliza amejua tangu lini. Mzee akasema tangu Jumamosi ya kwanza baada ya hii kuletwa. Ile ya mama yako, alisema, jani lake la chini upande wa nyuma lilikuwa na ufa. Niliupasua mimi kwa kidole siku ile ninaishindilia udongo. Nilikuwa nikiinua chungu ili niuone. Wiki hiyo nikainua, ufa haupo.

"Mbona hukusema, baba?"

"Ningesema, mama, ningekuwa nakuja kufanya nini?"

Wasikilizaji wapendwa, nimeifanya kazi hii muda mrefu na nimezoea kusoma habari za vifo bila kutikisika. Nitakiri kwamba binti aliponieleza hapo, nilimwomba fundi mitambo azime maikrofoni kidogo.

Mzee aliendelea kwenda kila Jumamosi. Hakusema tena kwamba amekuja kuangalia ua. Alibisha, akaingia, akakaa. Alipolazwa, binti ndiye aliyekaa kando ya kitanda, na mama mdogo anasema wauguzi waliwaomba wapunguze sauti, kwa jinsi walivyokuwa wakizungumza. Fikirini. Yule mtu wa "Mita" na "Asante" ameambiwa apunguze sauti. Siku ya mwisho walizungumza habari za kawaida kabisa: bei ya vitunguu, na jirani aliyenunua jogoo. Jioni akapumzika.

Kwa binti yake, mfamasia, pole sana kutoka kwetu sote hapa studio. Kwa mama mdogo, pole, na asante kwa kusema ovyo siku ile. Kwa wasoma mita wote, walio kazini na waliostaafu, poleni kwa kuondokewa na mwenzenu. Mungu amlaze mahali pema. Kipindi cha bustani kitaendelea, na mtu wa kwanza kupiga simu hatakuwa yeye. Tutalizoea hilo polepole.

Sasa naomba tutafakari. Pengine yupo mtu anayekuja kwako kila mara na sababu isiyo na kichwa wala miguu: anarudisha bakuli, anauliza saa, anataka kuona kama bomba bado linavuja. Bomba ulishalitengeneza zamani, na yeye anajua. Akibisha leo, usimwambie limepona. Mfungulie, aingie, aliangalie.